Ombi la Kuvifungia Stoo Vitenzi Tisa vya Kiingereza

Stoo ya Vifaa,
Ghorofa ya Chini, mlango wa kijani.

Kwa Mkurugenzi,
Ghorofa ya Tisa.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: VITENZI TISA VYA KIINGEREZA VILIVYOINGIA JENGONI BILA KUSAINIWA

Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, na kwamba magoti yako yameanza kuzoea ngazi, maana lifti bado imesimama na sote sasa tunapanda kwa miguu, wakubwa kwa wadogo.

Mimi ni mtunza stoo wako, mwaka wa kumi na tisa sasa. Hunijui kwa sura, kwa kuwa hujawahi kushuka huku kwetu, lakini saini yangu unaijua. Iko chini ya kila balbu iliyowahi kuwaka juu ya meza yako. Katika miaka yote hiyo kimepotea kitu kimoja tu, bisibisi ya nyota, na hiyo aliondoka nayo mkandarasi wa rangi, mtu ambaye hata leo nikikutana naye barabarani namtazama mfukoni kabla ya kumtazama usoni.

Nikueleze kwanza utaratibu wangu, maana ombi langu linatoka humo. Ukutani stoo kuna ubao mweusi, na kwenye ubao nimechora kwa rangi nyeupe umbo la kila kifaa mahali pake. Nyundo ikiwa nje, unaona kivuli cha nyundo kitupu, na ukifungua rejesta unaona ni nani anayo, tangu saa ngapi, na kwa kazi gani. Kitu hakitoki bila saini. Hakuna kubembelezana. Fundi atoke jasho, alie, au awe ndugu yangu, atasaini. Stoo yangu haijui neno labda, na lugha tuliyonyonya kwa mama zetu inatosha kabisa kwa kazi hiyo: kipo, hakipo, kimevunjika.

Ndipo ulipotuletea kozi. Miezi mitatu iliyopita ilibandikwa karatasi kwamba wafanyakazi wote wa ghorofa za chini watasoma Kiingereza cha Adabu Kazini, kila Jumatatu na Alhamisi, saa saba mchana, kantini. Chanzo chake tunakijua. Alikuja yule mgeni wako wa kukagua jengo, fundi bomba akamwambia kwa Kiingereza chote alichokuwa nacho siku hiyo, "Move", na mgeni akaona ametukanwa. Ukweli ni kwamba fundi bomba alikuwa anamwokoa na ndoo ya maji machafu iliyokuwa inakuja juu ya kichwa chake. Lakini mgeni aliondoka amenuna, na sisi tukaletewa mwalimu.

Mwalimu mwenyewe sina ugomvi naye. Ni dada mmoja mpole, mwenye sauti ya mtu anayembembeleza mtoto mwenye homa. Alituandikia ubaoni vitenzi tisa, "can", "could", "may", "might", "shall", "should", "will", "would" na "must", akasema hivyo ndivyo vinavyolainisha sentensi za kila siku za Kiingereza, na kwamba mtu mwenye adabu hasemi jambo mpaka alipitishe kwanza kwenye kimojawapo. Nilisoma kwa bidii. Nilikuwa wa pili darasani, nyuma ya karani wa uhasibu, na cheti changu chenye mstari wa dhahabu kinaning'inia stoo juu ya koleo. Kwa hiyo ninayelalamika hapa si mtu aliyeshindwa mtihani.

Ninalalamika kama ifuatavyo.

Kwanza. Zamani fundi alikuja dirishani akasema, "Spana kumi na saba." Nampa, anasaini, anakwenda zake. Sekunde ishirini. Sasa anakuja, anafuta mikono, anakohoa, halafu anauliza kwa Kiingereza kama ingewezekana mimi niweze kumpatia spana hiyo iwapo siitumii. Mimi nami, kwa kufuata tuliyofundishwa, namjibu kwamba bila shaka inaruhusiwa. Naye anasema angeshukuru. Nami nasema nisingejali. Jumatatu moja ya kozi yenyewe fundi bomba na mimi tulikuwa katikati ya kushukuriana hivyo wakati bomba la choo cha ghorofa ya pili limepasuka. Kabla hatujafika kwenye saini, maji yalishuka ngazi zote mbili yakaja kumfuata mwenyewe dirishani.

Seremala ndiye aliyenishangaza zaidi. Aliniuliza kama angeweza kupata msumeno, nikamjibu kwamba angeweza, akashukuru sana, akaondoka mikono mitupu. Sote wawili tuliridhika na mazungumzo yale. Alikumbuka kesho yake asubuhi, akiwa amesimama mbele ya ubao wa futi kumi na mbili hana cha kuukatia.

Pili. Daftari la makabidhiano ya zamu. Humo kila zamu huiandikia zamu inayofuata hali ya jengo. Nimeyatunza madaftari ya miaka yote, na ukiyasoma yanasisimua kwa ukweli wake. "Pampu imekufa." "Taa ya ngazi ya tatu imeungua." "Paka kazaa chumba cha mota, msiwashe feni." Kozi ikiwa katikati ukatoka waraka kwamba matangazo yote, na daftari nalo, yaandikwe kwa Kiingereza cha adabu. Wiki hiyohiyo nikasoma humo, "The pump might need some attention." Yaani pampu huenda inahitaji kuangaliwa kidogo. Pampu yenyewe wakati huo ilikuwa vipande vitatu juu ya meza yangu, na kimoja nilikuwa nakitumia kuzuia makaratasi yasipeperuke. Msimamizi akapita, akasoma, akaridhika na upole wa sentensi, akatia alama ya vema. Jengo zima likakosa maji siku mbili, na kila aliyepiga simu aliambiwa kwa heshima kwamba maji yangeweza kuwapo.

Tatu. Hili linatoka juu, kwa hiyo naomba ulisome ukiwa umekaa. Mwezi uliopita utawala ulibandika tangazo kuhusu paa la kantini, kwamba "should be repaired by Friday". Nikatoa misumari kilo mbili, bati jipya na ngazi ndefu, nikavipanga mlangoni tangu Alhamisi. Ijumaa ikapita. Ikaja nyingine, ikapita. Nikapanda kumwuliza ofisa utawala. Akaniambia kwa upole kwamba hakuna aliyesema paa litatengenezwa, kilichosemwa ni kwamba ni jambo linalostahili kutengenezwa, na hilo yeye bado analiamini kwa moyo wake wote. Nikamwuliza basi ni nani atakayesema litatengenezwa. Akanitazama kwa huruma kama mtu aliyepoteza jamaa. Tunaendelea kula chini ya paa hilo, sahani mkono mmoja, kifuniko mkono wa pili.

Nne. Hili ni la nyumbani na halina haja ya kuwekwa kwenye faili. Mke wangu aliniuliza kama nitatengeneza komeo la mlango wa jikoni, ambalo kwa mtunza stoo ni aibu kulikuta bovu. Nikamjibu kwa neno nililokuwa nimejifunza siku hiyo, kwamba "I would", yaani ningetengeneza. Mke wangu hajasoma kozi, lakini alijua papo hapo kwamba hilo ni neno la mtu asiyetaka kushika nyundo. Akasema kama ni hivyo, na yeye chakula would. Siku ile nilikula mkate mkavu, na daftari la kozi mezani mbele yangu.

Tano. Ndugu Mkurugenzi, hapa ndipo mzaha unapoisha, na kama umesoma hadi hapa ukicheka naomba uvumilie.

Fundi wa lifti ni shemeji yangu, amemwoa mdogo wangu wa kike. Nasema mapema usije ukasikia kwingine ukadhani nimeficha. Ni mtu wa maneno machache hata kwa lugha yetu, na Kiingereza chake kinaenea kwenye kiberiti. Darasani alikaa nyuma, na mwalimu hakuchoka kumwambia kwamba ni mkavu mno. Alimrudisha kwenye sentensi moja mara ishirini mpaka ulimi ukalainika: "You might like to." Yaani huenda ungependa. Shemeji akawa anaitamka huku anatoka jasho. Nilimcheka, na najuta.

Alhamisi ya mwisho wa kozi, siku ya vyeti, lifti ilianza kutetemeka. Shemeji akakagua akakuta breki imekwisha kabisa. Sasa, kwa miaka kumi na tisa, lifti ikiharibika, utaratibu ni mmoja. Kuna bati jekundu lenye maandishi meupe, LIFTI MBOVU. USIPANDE. Lina matundu mawili na waya. Linakaa stoo, namba 114 kwenye rejesta. Shemeji hulichukua, huliangika kwenye msumari wa mlango wa lifti, ndipo hupanda ngazi hadi chumba cha mota juu ya paa kukata umeme. Bati hilo halijawahi kumlainishia mtu maneno, wala halijawahi kumjeruhi mtu.

Siku hiyo bati halikufika mlangoni, kwa kuwa stoo ilikuwa imefungwa kutokana na shughuli za kikazi. Shemeji hakuwa na muda wa kupoteza. Alichukua karatasi, akaandika kama alivyofundishwa na kama waraka wako unavyotaka, kwa herufi kubwa na kwa adabu yote: "This lift may not stop properly. You might like to use the stairs." Kwamba lifti hii inaweza ikakosa kusimama sawasawa, na huenda ungependa kutumia ngazi. Akaibandika, akaanza kupanda kwenda kukata umeme. Alikuwa amefika ghorofa ya saba.

Mama Chai, yule mama anayesukuma toroli la chai, akafika mlangoni pa lifti akiwa na birika la vikombe arobaini, anakuja huko kwenu juu. Watu wa kamati uliyoiunda baadaye waliuliza kama anajua kusoma. Anajua, tena Kiingereza chake kinamzidi nusu ya ghorofa ya nane. Alisoma karatasi yote, mstari kwa mstari. Nilivyosimuliwa na waliomzungukia baadaye, alisema hivi: "Nimeulizwa kama huenda ningependa ngazi. Na toroli hili? Sikupenda. Nikapanda."

Naomba unionyeshe kosa lake liko wapi. Mimi nimelitafuta sikuliona. Bati lisingemwuliza anapenda nini.

Lifti ilipita ghorofa ya nne, ikasita, ikarudi chini yenyewe, ikakwama kwa mshindo kati ya ya pili na ya tatu. Mshindo tuliusikia kantini tukiwa tumejipanga kwa picha, na mpiga picha akatuambia tusitikisike. Birika likampindukia. Mguu umeungua kuanzia gotini hadi kwenye vidole. Nilikimbia nikafungua stoo, nikampa fundi bomba mtaimbo wa kufungulia mlango bila kumsainisha, na hiyo ni mara yangu ya kwanza katika maisha ya kazi. Tulimtoa baada ya saa nzima. Shemeji ndiye aliyembeba mgongoni hadi barazani, na alikuwa analia waziwazi, mtu mzima.

Hadi leo, wiki ya nne, mama yule yuko kwake, goti halikunjiki. Sijafika kumjulia hali kwa sababu ya wingi wa kazi, ila salamu nimetuma.

Sita. Taarifa ya kamati. Umeunda kamati ya watu watatu, wote wa kuanzia ghorofa ya saba kwenda juu, na wameandika kurasa mbili za Kiingereza. Mimi niliyefuzu nilizisoma nikiwa na kalamu nyekundu, nikahesabu vitenzi laini kumi na saba. Breki mpya ingeweza kuwa ilinunuliwa mapema. Barua za shemeji za kuomba breki, ambazo ni mbili na nakala zake ninazo, zinaweza zikawa zilichelewa mahali fulani. Hapo mahali fulani ni meza iliyoko ghorofa ya nane, karibu na dirisha, na kila mtu jengoni anaijua. Mama Chai alistahili kuonywa kwa uwazi zaidi. Huenda ikafikiriwa namna ya kumsaidia. Na taasisi, taarifa inasema, "would like to express regret", ingependa kusikitika. Ndugu Mkurugenzi, kama inapenda, isikitike. Sijui ni nani anayeizuia.

Kurasa mbili nzima hakuna mtu aliyefanya jambo. Mambo yalitokea tu, kama mvua. Nikafika mstari wa mwisho, unaomhusu shemeji, na hapo kalamu yangu ikakosa kazi. Pale hakuna "may". Hakuna "might". Imeandikwa kwamba fundi wa lifti "will be dismissed". Atafukuzwa. Mwalimu alitufundisha kwamba "will" ni la mambo ambayo hayana tena mjadala, na mfano aliotupa ulikuwa jua kuchomoza kesho.

Hilo ndilo lililonifanya nikae chini niandike. Maneno laini yote kumi na saba yamegawiwa kwa watu wa juu, kila mmoja akapewa lake la kujifutia mikono. Gumu likabaki moja, likashushwa kwa ngazi hadi kwa mtu aliyeandika karatasi ya adabu kama mlivyomfundisha. Alipokuwa mkavu mlimwambia alainike. Amelainika, jumba bovu likamwangukia yeye.

Kikao cha mwisho ni Ijumaa hii saa tatu asubuhi. Shemeji akifukuzwa, nyumba wanayokaa ni ya kazi, nayo inakwenda. Mdogo wangu na watoto wanne watahamia kwangu, vyumba viwili. Jumapili alikuja akapima ukuta wa sebule aone kabati lake litakaa wapi. Alipima, akaandika namba kiganjani. Futi aliyotumia niliitambua, ni namba 52, shemeji alisaini Ijumaa. Nilitaka kumtania, nikashindwa.

La saba nilikuwa nalo, lilihusu dereva wako na neno "shall", lakini ukilinganisha na hili la sita halina uzito, nimelifuta.

Sasa ombi langu.

Naomba vitenzi hivi tisa vikusanywe kutoka ofisi zote na kukabidhiwa stoo mara moja. Nafasi ninayo, rafu ya tatu, palipokuwa na mashine ya kuchapia isiyotumika. Nitachora umbo la kila kimoja kwenye ubao, nitakipa namba, na kitatoka kwa saini kama kifaa kingine chochote. Anayetaka kusema "may" aje dirishani, aeleze ni ya kazi gani, asaini, na jioni airudishe. Mafundi ninapendekeza wapewe mbili kwa wiki, na sidhani kama watazimaliza. Msimamizi wa zamu apewe "should" moja kwa mwezi, na ikivunjika asipewe nyingine mpaka alete vipande. "Must" iwe na saini mbili, kwa sababu ni nzito na imeshawahi kuumiza watu: juzijuzi mhasibu alimwambia mfagiaji kwa wema kabisa, "You must be tired", yaani bila shaka umechoka, na mama wa watu akaja kwangu kuuliza amri hiyo ya kuchoka inaanza lini.

Ghorofa ya nane na ya tisa najua matumizi yenu ni makubwa. Kwa makisio yangu katibu wako muhtasi peke yake anamaliza "would" arobaini kwa siku, bila kuhesabu za kwenye simu. Nitawatolea kwa maboksi, lakini na ninyi mtasaini, na mwisho wa mwezi rejesta ibandikwe barazani ili kila mtu aone nani ametumia ngapi na kwa kumkwepa nani. Mtu akikutwa na "could" mfukoni ambayo haimo kwenye rejesta, ahesabiwe ameiba mali ya ofisi kama aliyebeba bisibisi.

"Will" ndiyo peke yake nisiyotaka kuitunza kwenye rafu. Hiyo iwekwe ndani ya kabati la chuma, na itoke kwa saini yako wewe mwenyewe, mbele ya mtu ambaye inakwenda kutumiwa dhidi yake, mkiwa mmetazamana. Ukishamtazama shemeji, kisha ukamtazama na yule mwenye meza ya dirishani, nina imani mkono wako utasita.

Vitenzi vikishafungiwa, watu watalazimika kusema yaliyopo. Paa linavuja. Pampu imekufa. Barua ya breki niliikalia mimi. Yatakuwa maneno ya kukwaruza, sikatai, na hata mgeni wako huenda akanuna tena. Lakini mtu aliyefanya jambo atasema amefanya, aliyeulizwa atajibu ndiyo au hapana, na hapo tutakuwa tumekata mzizi wa fitina. Mtu mzima aliyesimama mbele ya wenzake hana sababu ya kumumunya neno kama muwa.

Na bati namba 114 naomba lipewe msumari wake wa kudumu pembeni ya mlango wa lifti, lisirudi stoo tena.

Nafunga hapa nisije nikakuchosha zaidi ya ngazi zilivyokuchosha. Nisalimie katibu muhtasi, na umwambie karatasi zake za kuchapia zimefika. Msalimie dereva, mlinzi wa lango la nyuma, ofisa utawala na imani yake, wajumbe wa kamati wote watatu, na mwalimu wetu ukimwona, mwambie sikumtaja kwa ubaya. Mgeni wa ukaguzi naye, akipiga simu, mpe pole ya ile ndoo. Mama Chai nitamsalimia mwenyewe, kazi zikipungua.

Ni mimi, ninayekuhifadhia kila kitu mahali pake,

Mtunza Stoo

Baada ya saini: Hili naliandika pembeni, si la kikao, na nitashukuru lisisomwe kwa sauti. Kamati imeniita Ijumaa nijibu swali moja tu: je, siku ile fundi wa lifti aliomba bati kabla ya kubandika karatasi? Rejesta haina mstari wake. Haina kwa sababu sikuifungua. Alikuja dirishani saa saba kasoro dakika kumi, anahema, akasema, "Shemeji, nipe lile bati, lifti imekufa." Nilikuwa nimeshafunga tai. Tulikuwa tumetangaziwa kwamba atakayechelewa atapewa cheti bila kupigwa picha. Bati lilikuwa nyuma yangu, hatua mbili, na ufunguo mkononi. Nikamwambia, kwa Kiingereza safi ambacho hata mwalimu angekipigia makofi, "You might like to come back after the ceremony", yaani huenda ungependa kurudi baada ya sherehe, nikafunga kufuli nikaondoka. Hajamwambia mtu yeyote. Hata mdogo wangu hajui, na Jumapili alipomaliza kupima ukuta alinishukuru kwamba nawapigania.

Kwa hiyo, kabla hujavifungia vitenzi hivyo, naomba nitolewe kimoja tu, "might", kwa matumizi ya Ijumaa saa tatu, ili nijibu kwamba "I might have been asked", yaani huenda niliombwa. Shemeji atakuwa amekaa mbele yangu, na bila hicho sijui nitamtazama vipi. Nitasaini, na mchana huohuo nitakirudisha.